Tahadhari: Sahani za jazi zinazouzwa kama za kanda mama ilhali zimetokana na CD

Ninaandika tahadhari hii kwa wapenzi wa muziki wa jazi wanaokusanya sahani za santuri, na hasa wale ambao, kama mimi, hununua toleo zaidi ya moja la rekodi ileile ili walinganishe ubora wa sauti. Yupo muuzaji wa mtandaoni anayeuza sahani za aina mbili: zile anazodai ni za zamani ambazo hazijawahi kuchezwa, na zile anazodai ni matoleo mapya yaliyokatwa (yaani ambayo mifereji yake imechongwa) moja kwa moja kutoka kanda mama, ile kanda asilia ya studio, bila kupitia hatua yoyote ya dijitali. Nimenunua moja ya kila aina, nimezipima zote mbili kwa wiki kadhaa, na nimeridhika pasipo shaka kwamba hakuna hata moja iliyo kama ilivyotangazwa.

Jina lake la biashara sitalitaja, kwa kuwa tangu nianze kufuatilia malalamiko yangu amelibadilisha mara mbili, na atakayelitafuta jina la leo huenda asilikute kesho. Maneno ya matangazo, mtindo wa picha na sahani zenyewe ndivyo ambavyo havijabadilika, na kwa hivyo ndivyo nitakavyovieleza.

Sahani ya kwanza ni Kind of Blue ya Miles Davis. Tangazo lilisema kwamba ni ya stereo, imefyatuliwa mwaka 1959 au 1960, ina lebo ya kampuni ya Columbia ile ya macho sita, yaani yenye alama sita zinazofanana na jicho, na ilikutwa pamoja na nyingine chache katika ghala la duka lililofungwa zamani. Hadithi ya ghala ina kazi yake, maana inajibu mapema swali ambalo mnunuzi makini angeuliza, yaani kwa nini sahani yenye umri wa zaidi ya miaka sitini inang'aa kana kwamba imetoka kiwandani juzi. Picha zilikuwa nzuri. Namba CS 8163 ilisomeka wazi, na hata lile kosa linalojulikana la baadhi ya nakala za mwanzo, la kupishanisha majina ya All Blues na Flamenco Sketches, lilikuwepo. Ni kosa hilo lililoniondolea wasiwasi nikalipa. Sikufikiri wakati ule kwamba anayenakili jalada la zamani hunakili na makosa yake.

Sahani ilipofika, jambo la kwanza lililonishtua lilikuwa katika ile sehemu tupu iliyo kati ya mwisho wa muziki na lebo. Katika picha za tangazo sehemu hiyo ilikuwa imekatwa nje ya fremu. Katika sahani niliyoishika mkononi kulikuwa na namba iliyochorwa kwa mashine, herufi zake zikiwa sawasawa kabisa, na haikufanana na namba yoyote ya matoleo ya Columbia ya miaka hiyo niliyowahi kuiona. Hata hivyo sikutaka kumhukumu mtu kwa namba peke yake, kwa hiyo nikaiweka sahani kwenye mashine ya kuchezea.

Hapa ndipo historia ya rekodi hii inapomsaidia msikilizaji kuliko lenzi yoyote ya kukuzia. Kind of Blue ilirekodiwa kwa vikao viwili katika studio ya Columbia ya mtaa wa 30 jijini New York, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959. Katika kikao cha Machi, ambacho ndicho kilichotoa nyimbo zote tatu za upande wa kwanza, mashine kuu ya kurekodi ilikuwa ikizunguka polepole kidogo kuliko ilivyotakiwa. Matokeo yake ni kwamba kanda hiyo ilipochezwa kwa mwendo sahihi, muziki ulitoka kwa kasi iliyozidi kwa takriban asilimia 1.25, na sauti za ala zote zikapanda kwa karibu sehemu moja ya tano ya nusutoni. Kosa hilo liliendelea katika sahani na CD kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi toleo la 1992 lilipotumia kanda ya akiba, iliyorekodiwa siku ileile kwa mashine ya pili iliyokuwa na mwendo sahihi. Nyimbo za upande wa pili, zilizorekodiwa Aprili, hazina tatizo hilo.

Kwa maneno mengine, sahani yoyote halisi ya 1959 au 1960 lazima iwe na upande wa kwanza unaokwenda kasi kidogo na upande wa pili ulio sahihi. Na kwa sababu mashine ya mtu nyumbani nayo inaweza kuwa na kosa lake la mwendo, upande wa pili unakuwa kipimo cha kuikagua mashine yenyewe. Nilichukua CD ya baada ya 1992, nikachagua alama mbili katika All Blues, nikapima muda kati yake kwenye CD na kwenye sahani, nikakuta tofauti ya chini ya nusu sekunde. Mashine yangu haikuwa na hatia. Kisha nikafanya vivyo hivyo kwa So What, kuanzia pale Davis anapoanza kupiga peke yake hadi besi inaporudi na kiitikio cha mwanzo baada ya zamu ya mpiga piano Bill Evans. Kwa kosa la asilimia 1.25, kila dakika inatakiwa itofautiane kwa robo tatu ya sekunde, hivyo katika dakika sita tofauti ingefikia sekunde nne na nusu. Sikupata hata nusu sekunde. Nilirudia mara tano. Sahani iliyouzwa kama ya 1959 inabeba mwendo uliosahihishwa mwaka 1992, na hilo haliwezekani ila iwe imetengenezwa baada ya hapo.

Naomba nieleweke vizuri katika jambo moja. Kipimo hiki kinaweza kukanusha tu, hakiwezi kuthibitisha. Upande wa kwanza ukiwa na mwendo sahihi, sahani si ya zamani. Lakini ukienda kasi, hilo halithibitishi kwamba ni ya zamani, kwa kuwa mghushi anaweza kunakili CD ya kabla ya 1992.

Baada ya kujua hayo nilisikiliza upya, safari hii kwa ajili ya sauti yenyewe, nikiilinganisha na toleo jipya halali ninalolimiliki. Kila anayeipenda So What anaijua ile sekunde ambapo Jimmy Cobb anapiga toazi kwa nguvu na tarumbeta ya Davis ikaanza juu yake. Katika toleo langu halali toazi lile hufunguka, hutanuka, kisha hufifia taratibu nyuma ya tarumbeta, na sikio linaweza kulifuata kwa sekunde kadhaa hadi linapotoweka ndani ya ukubwa wa studio ile, iliyokuwa kanisa kabla ya kugeuzwa chumba cha kurekodia. Katika sahani bandia toazi linatoka kama mchakacho mfupi usio na mwili, na linapoanza kufifia linakatika mapema, kana kwamba mtu amelifunika kwa kitambaa. Besi ya Paul Chambers nayo imenenepeshwa hadi vidole havisikiki vikigusa nyuzi. Mtu ambaye hii ndiyo sahani yake ya kwanza ya Kind of Blue atadhani ndivyo ilivyorekodiwa, na jambo hilo linaniuma kuliko fedha nilizopoteza.

Sahani ya pili ni Blue Train ya John Coltrane, aliyoirekodi kwa kampuni ya Blue Note tarehe 15 Septemba 1957 katika studio ya Rudy Van Gelder, Hackensack. Hii haikuuzwa kama ya zamani. Iliuzwa kama toleo jipya la gramu 180, lenye kibandiko cha dhahabu kinachosema kwamba limetoka kwenye kanda mama na ni analogi tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Uzito wa sahani haukueleza chochote kuhusu chanzo cha sauti, na haujawahi kueleza. Ni kiasi cha plastiki kilichotumika, basi. Nilichopaswa kukitafuta nyuma ya jalada ni jina la fundi aliyeikata, mahali alipoikatia na kiwanda kilichoifyatua. Hakuna hata kimoja kilichoandikwa. Linganisha na toleo la Blue Train lililotolewa na Blue Note yenyewe mwaka 2022 katika mfululizo wa Tone Poet: humo utakuta kwamba msimamizi ni Joe Harley na mkataji ni Kevin Gray. Anayepewa ruhusa ya kuigusa kanda ya namna hiyo hana sababu ya kuficha jina lake.

Wapo watakaouliza inawezekanaje sahani kama hii iuzwe hadharani bila mwenye rekodi kuizuia. Sehemu ya jibu iko katika sheria. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ulinzi wa rekodi ulikuwa wa miaka 50, na ulipoongezwa kuwa miaka 70 haukuzirudisha rekodi ambazo muda wake ulikuwa umeshakwisha. Kwa hiyo rekodi nyingi zilizotolewa kabla ya 1963 ziko huru huko, na kampuni yoyote inaweza kuzifyatua upya bila idhini. Marekani sivyo ilivyo, kwani rekodi hizo bado zinalindwa. Lakini uhuru wa kufyatua haumpi mtu ufunguo wa ghala la kanda. Asiye na kanda atatumia alichonacho, na mara nyingi alichonacho ni CD. Wapo wanaofanya hivyo kihalali na kwa bei nafuu bila kudai lolote la uongo, na hao sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na kibandiko kile cha dhahabu.

Ili nisitegemee masikio peke yake, niliirekodi sahani hiyo kwenye kompyuta kwa sampuli (vipimo vya sauti) 96,000 kwa sekunde, kisha nikaifungua kwa programu ya Audacity na kutazama spektrogramu yake, yaani picha inayoonyesha sauti za chini hadi za juu. CD huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde, na kwa hiyo haiwezi kubeba sauti yoyote iliyo juu ya hezi 22,050. Katika Blue Train niliyouziwa, matoazi ya Philly Joe Jones yanapanda hadi karibu na kiwango hicho kisha yanakoma ghafla kwenye mstari ulionyooka kama ukuta, wimbo baada ya wimbo, na juu ya ukuta huo imebaki mikwaruzo ya sindano tu. Kanda haikati sauti namna hiyo. Sauti yake hupungua taratibu. Nakiri kwamba sindano iliyochakaa huweza kuzusha sauti za uongo juu ya mstari na kuuficha, kwa hiyo kutouona ukuta si ushahidi kwamba sahani ni safi.

Baadhi ya watu wamenikumbusha kisa cha Mobile Fidelity cha mwaka 2022, ilipojulikana kwamba kampuni hiyo ilikuwa kwa miaka mingi ikipitisha sahani zake nyingi katika hatua ya dijitali ya DSD (mfumo mmojawapo wa kuhifadhi sauti kidijitali) bila kuwaambia wanunuzi, na kesi iliyofuata ikaishia kwa maridhiano ya kuwarudishia watu fedha. Walifanya kosa la kunyamaza, na wengi walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini wao walikwenda kwenye kanda halisi, na sahani zao zilisifiwa na wasikilizaji wenye masikio makali. Huyu ninayemzungumzia hajawahi kuiona kanda. Mambo haya mawili yasichanganywe, maana yeye mwenyewe, nilipomlalamikia, alijitetea kwa kisa hicho akisema kwamba siku hizi kila mtu anatumia dijitali.

Kuhusu mwenendo wake, kuna mambo ambayo yeyote anayezungumza naye atayakuta. Ukimwomba picha ya ile sehemu tupu karibu na lebo, atasema kwamba sahani imefungwa na akiifungua itapoteza thamani. Ukisita, atakuambia kuna wanunuzi wawili wanaosubiri. Ukikubali, atakushawishi ulipe nje ya soko la mtandaoni, au kwa njia ya malipo iliyowekwa kwa ajili ya marafiki na jamaa, ambayo haimpi mnunuzi ulinzi wowote. Akaunti yake ina sifa nyingi za miaka ya nyuma, lakini nilipozifungua moja moja nilikuta zinahusu bidhaa nyingine kabisa, wala si muziki. Nilipolalamika alikuwa mpole kupita kiasi: aliomba radhi, akaahidi kurudisha nusu, akaomba wiki moja, kisha nyingine, hadi siku za kufungua madai zikabaki mbili. Nilifungua madai siku hiyohiyo. Kwa Kind of Blue nilirudishiwa fedha zote. Kwa Blue Train, ambayo nilikuwa nimekubali kuilipia nje ya soko, sikupata kitu.

Kwa sasa ana tangazo jingine, la sahani ya Blue Note anayodai ni ya 1958. Safari hii ameonyesha ile sehemu tupu, na haina ile alama inayofanana na sikio, ambayo ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite kilichoifyatulia Blue Note sahani zake hadi 1966. Ninawasihi msiinunue. Na kama tayari mmenunua kwake, msimwandikie kwanza. Pigeni picha za sehemu hiyo pande zote mbili, hifadhini maneno ya tangazo kabla hajayafuta, fungueni madai kwenye soko au benki wakati muda ungali upo, na sahani yenyewe msiiuze kwa mtu mwingine bila kumwambia ilikotoka. Mimi yangu ya Blue Train nimeiandika nyuma ya jalada, kwa wino usiofutika, kwamba ni nakala ya CD.