Kilomita 14 za vilima na maua ya buluu, kutoka Tring hadi Ivinghoe Beacon na kurudi: uzoefu wangu

Nimekulia chini ya milima ya Uluguru, kwa hiyo kuambiwa nijiandae kwa kilima cha mita 233 kulinichekesha. Huo ndio urefu wa Ivinghoe Beacon, kwenye vilima vya Chiltern, kaskazini-magharibi mwa London. Programu ya simu niliyoilipia kwa ajili ya ramani iliandika "ugumu wa wastani". Nikavaa raba. Wifi yangu (wifi wa ndoa, si wa intaneti), ambaye anaishi London na ndiye aliyenishawishi, alinitazama miguuni, akanyamaza. Angesema, ningeokoa soksi.

"Wastani" ni kweli kwa mapafu. Kwa miguu ni habari nyingine, kwa sababu vilima vya huku havichoshi kwa urefu, vinachosha kwa wingi. Unapanda, unashuka, unapanda tena, na kila ukishuka unajua unakirudisha ulichokwisha kukilipia. Simu ilihesabu kilomita 14 kwa mzunguko mzima. Maelezo yalisema saa nne. Sisi tulitumia karibu saba, ingawa moja kati ya hizo tuliipoteza msituni kwa hiari yetu, na nitaeleza kwa nini.

Kufika ni rahisi. Treni kutoka stesheni ya Euston huchukua kama dakika 40 hadi Tring. Usihangaike kwenda mjini, maana mji wenyewe uko mbali na stesheni na matembezi hayaelekei huko. Toka stesheni, fuata barabara ya kuelekea Aldbury, na baada ya muda mfupi utaona kibao cha Ridgeway. Hii ni njia ya miguu ya kilomita 139 inayoanzia karibu na kijiji cha Avebury na kuishia juu ya Beacon, kwa hiyo unaungana nayo ikiwa inakaribia mwisho wake. Alama yake ni tunda la mwaloni. Njia nyingine zina mishale: wa njano ni wa waenda kwa miguu tu, wa buluu unaruhusu pia farasi na baiskeli. Kilichonishangaza ni kwamba mshale ukielekeza katikati ya shamba la mtu, unapita katikati ya shamba la mtu, na sheria iko upande wako. Unachodaiwa ni kufunga geti.

Kipande cha kwanza kinapita msitu mdogo wa Aldbury Nowers, kisha unatokea Pitstone Hill na anga inafunguka ghafla. Chini yako kuna mashamba, na ukikaza macho utaona kinu cha upepo cha zamani cha Pitstone, ambacho kwenye mbao zake umechongwa mwaka 1627. Nyasi za hapa ni fupi kama zulia kwa sababu kondoo hawaziachi zikue, na ndiyo maana maua madogo yanapata jua. Mwanzoni mwa Mei tulikuta yale ya njano yaliyoinamisha vichwa, cowslip, yametapakaa mteremko mzima. Kipozamataza mmoja aliimba juu yetu dakika nzima bila kupumua na hatukumwona hata unyoya.

Sasa tope. Vilima hivi ni vya chaki, chaki hasa, nyeupe kama ile ya ubaoni. Ikikauka ni sakafu nzuri. Ikinyeshewa usiku, kama ilivyokuwa, inakuwa sabuni. Kwenye mteremko karibu na Incombe Hole, bonde kavu lenye kuta kali, nilishuka hatua tatu kwa miguu na zilizobaki kwa njia nyingine.

"Wifi," nikamwita nikiwa bado chini, "huu ndio wastani wenyewe?"

"Huu ni wastani wa raba," akajibu. "Wa buti ni mwingine."

Juu ya Beacon kuna upepo ambao hautaki mazungumzo. Palikuwa na ngome ya watu wa kale, na ukitazama vizuri unaona bado matuta ya udongo waliyoyainua. Tulikula mikate yetu tumejikunyata nyuma ya tuta. Wengi hugeukia hapo na kurudi Tring kwa njia ileile. Wanakosa nusu bora.

Kutoka Beacon unaingia katika misitu ya Ashridge, inayotunzwa na National Trust, shirika la hisani la kuhifadhi mazingira na majengo ya kale, na humo ndimo yaliko maua yaliyonitoa London: bluebell, vikengele vya buluu vinavyoota kwa maelfu chini ya miti. Tulikata njia kwenda Dockey Wood, sehemu inayojulikana zaidi kwa maua hayo. Nilikuwa nimeona picha nikidhani zimetiwa rangi. Hazikutiwa. Kama kuna kosa, picha zinapunguza. Simu yangu ilikuwa inaigeuza ile buluu kuwa zambarau kila nilipojaribu, mpaka nikairudisha mfukoni. Si maua yaliyopandwa kwa mistari kama bustanini. Ni kama moshi umelala chini na ukasahau kupaa. Harufu yake ni nyepesi, inakuja upepo ukitulia, na ukiivuta kwa makusudi huipati.

Wifi ndiye aliyenieleza siri ya tarehe. Miti ya beech huchelewa kutoa majani. Kuanzia Aprili jua bado linafika ardhini, na vikengele vinawahi kuchanua kabla ya dari la majani kufunga. Likishafunga, sherehe imekwisha. Hivyo una wiki tatu au nne hivi, kati ya katikati ya Aprili na katikati ya Mei kutegemea baridi ya mwaka huo. Njoo Julai, utakuta kivuli kizuri na majani makavu. Ningependa maelezo ya ile programu yangeliandika hilo kwa herufi kubwa juu kabisa, badala ya kunipa aya nzima kuhusu maegesho.

Tulikaa saa nzima. Karibu nusu ya maua haya yote duniani yako Uingereza, na hata hivyo nilishuhudia baba mmoja akimwingiza mwanawe katikati yake ili ampige picha. Tafadhali usifanye hivyo. Jani likikanyagwa haliwezi tena kuutengenezea mmea chakula, na mbegu huhitaji angalau miaka mitano kuwa mmea unaotoa ua. Njia za kupita zimewekewa magogo pembeni. Kaa ndani yake. Kung'oa hata usifikirie, sheria ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wowote wa porini bila idhini ya mwenye ardhi.

Kuhusu ile programu: ramani yake ilitegemea intaneti, na kati ya miti hiyo mtandao ulikatika. Tuliokolewa na ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, ambayo wifi huibeba kama hirizi. Pakua ramani kabla, au mbebe wifi wangu.

Njia ya kwenda kwenye mnara wa Bridgewater ni tambarare, pana, na paa walivuka mbele yetu mara mbili bila haraka. Mnara ulijengwa 1832 kumkumbuka Duke wa Bridgewater, kabaila aliyechimbisha mfereji wa kusafirishia makaa ya mawe. Una ngazi 172 ndani. Hatukupanda, miguu ilikuwa imeshapiga kura. Lakini karibu nao kuna mkahawa na choo, na hili mlijue: tangu stesheni hatukuona choo kingine, isipokuwa uhesabu vichaka.

Mteremko wa kuingia Aldbury ni mkali na una mizizi inayoteleza. Kijiji chenyewe kina bwawa la bata, na kando yake pingu za mbao walizofungiwa wakosaji zamani, miguu ikiwa imenyooshwa mbele. Nilikaa karibu nazo nikiwa nimenyoosha yangu vilevile, raba zikiwa nyeupe kwa chaki hadi kwenye kamba.

Nyota nne. Ya tano ningeitoa, lakini programu ilisema nitafika stesheni kwa "mwendo mfupi wa kumalizia", na mwendo huo mfupi ulitukosesha treni mbili.