Siku sita za maji matupu, Mumbai hadi Malindi ya Unguja

Tulikwenda Mumbai kwa ajili ya goti la mke wangu. Daktari alipomruhusu kurudi alisema kukaa kitako saa nyingi kwenye ndege hakutamfaa. Mtoto wetu aliyeko Uingereza akatutafutia meli ya kitalii inayohamia Afrika Kusini, inayopita Ushelisheli na kwetu Unguja, tena tiketi za dakika za mwisho zimeshuka. Nilikubali haraka. Babu yangu alikuwa akisimulia majahazi yakishuka na kaskazi kutoka Bara Hindi, na wazee wa mtaani bado wanaitaja meli ya Karanja iliyokuwa ikileta watu kutoka Bombay. Mimi safari yangu ndefu kuliko zote baharini ilikuwa ya Mkoani, Pemba.

Siku nne za bahari mpaka Mahé ya Ushelisheli, mbili nyengine mpaka Unguja. Watu wananiuliza: mlikuwa mkifanya nini humo?

Kila usiku wanakuletea karatasi ya ratiba: dansi, bingo, mhadhara wa nyota, kukunja taulo ziwe tembo. Siku ya kwanza nilihudhuria kila kitu, kama mtu mwenye harusi tatu kwa siku moja. Jioni nilikuwa hoi na sikumbuki hata nyota moja. Siku ya pili karatasi nikaifanya ya kuwekea maganda ya machungwa, tukajipangia siku yetu wenyewe.

Kazi kubwa ilikuwa kibla. Chumba chetu hakikuwa na dirisha, na dira ya simu ndani ya chuma kile ilizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Tukagundua runinga ina chaneli ya ramani inayoonyesha meli ilipo na inakoelekea. Kutoka Mumbai tuliambaa kusini-magharibi, kwa hiyo Makka iko kulia, mbele kidogo: tukaelekea kabati. Kila siku tukiteremka, kibla nacho kinarudi nyuma kidogo kidogo. Siku ya tatu kilifika mlango wa choo. Mke wangu akasema hapo hasali. Tukahamia juu, kona moja nyuma ya boti za kuokolea, upande ule ule wa kulia, tukawa tunasali kasri, sala ya kufupisha ya msafiri, na upepo wa kaskazi unatupepea. Kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu bora ya meli nzima, na haimo kwenye kijitabu chao.

Baada ya hapo keram, mchezo wa kupiga kete kwa kidole ziingie mashimoni. Nilinunua ubao mdogo Mumbai wa kuwapelekea wajukuu. Nikautandika chumba cha karata, na kabla sijamaliza kupanga kete, mzee mmoja wa Kigujarati akavuta kiti. Kiingereza chake na changu vyote vya kuazima, lakini kete ya malkia ikiingia shimoni hapahitajiki mkalimani. Meli ikiyumba kete zinateleza zenyewe, na kila mmoja wetu alidai zimeteleza kwa faida yake. Siku ya nne tulikuwa watu tisa na foleni.

Siku hiyo hiyo tulivuka ikweta. Mfanyakazi mmoja alivaa ndevu za bandia akawa mfalme wa bahari, wageni wakapanga mstari kumbusu samaki mbichi kisha wakamwagiwa maji ya barafu. Mke wangu alitazama mpaka mwisho. "Samaki wazima wale, na jioni watatupa kuku," akasema. Na kweli.

Lawama ninazo. Intaneti inalipiwa kando, na inatambaa. Chai ni maji vuguvugu na kikaratasi. Tangawizi niliomba siku mbili. Bahashishi inakatwa kila siku kwa kila kichwa, utake usitake, nasi tuliijua kwenye hesabu ya mwisho. Nyama halali uagize mapema, la sivyo ni samaki na mboga. Kichefuchefu hatukukiona, aliyevuka kwenda Pemba wakati wa kusi hababaishwi na kaskazi iliyotulia.

Saa wanazirudisha nyuma usiku, mara nusu saa, mara saa nzima. Mpaka Unguja walikuwa wamezirudisha kwa saa mbili na nusu. Wenzetu wa ndege hupokea zote kwa mkupuo. Sisi tulizipata kwa mafungu, na tulizilala zote.

Ningekwenda tena? Kwa bei ile, ndiyo, ila nitachukua chumba chenye dirisha na tangawizi yangu mwenyewe.

Jioni ya mwisho walikuwa wakiuza tiketi za kutembezwa Mji Mkongwe. Sikununua. Asubuhi tukashuka bandarini Malindi, kadi za meli shingoni, mke wangu na mkongojo wake. Nje ya geti kijana wa teksi akatukimbilia: "Jambo, jambo! Twende kisiwani Changuu?"

"Wewe mtoto wa nani?" nikamuuliza.

Akavua miwani ya jua, akanitazama vizuri. "Shikamoo, mzee," akasema, na bei ikashuka palepale.