Tiki ya kijani ikikuambia mambo ni shwari, usiiamini

Nyota mbili. Nilianza na moja, nikaongeza ya pili kwa sababu nitakayoieleza huko mbele, na sina hakika kama itabaki.

Jina la programu naliacha. Ni mojawapo ya zile za kutunza na kuhariri nyaraka za ofisi kwa pamoja: folda inakaa kwenye kompyuta ya kila mtu, nakala kuu iko kwenye seva, na watu watano wanaweza kuandika ndani ya faili moja kwa wakati mmoja. Nafasi ya kuhifadhi, idadi ya watumiaji, aina za vifurushi, hayo yote yako kwenye tovuti yao, kasome. Mimi nimekuja kuzungumzia tiki. Ile tiki ndogo ya kijani inayokaa kwenye kona ya ikoni ya faili na kukuhakikishia kwamba kila kitu kimefika salama.

Tiki hiyo inaongopa.

Wiki kadhaa zilizopita lahajedwali moja ya bajeti ilihaririwa na watu wawili. Mmoja alikuwa na intaneti. Wa pili intaneti ilikatika, akaendelea kujaza tarakimu kwenye laptopu yake kama kawaida, maana programu inaruhusu. Intaneti iliporudi, kazi yake ikapakiwa, ila haikuingia kwenye faili ileile. Ikazaliwa faili ya pili yenye jina lilelile, na mwishoni imebandikwa jina la kompyuta yake. Zote mbili zikapewa tiki ya kijani. Onyo pekee lilikuwa kidirisha cha kijivu kilichochungulia chini ya skrini kwa sekunde chache kikapotea. Tangu hapo baadhi ya watu wakawa wanajaza faili hii, wengine ile, siku baada ya siku, na kila mmoja ana tiki yake anaiangalia na kuridhika.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Nikaambatisha picha za skrini, saa za mabadiliko, majina ya faili zote mbili. Jibu lilikuja na kiungo cha ukurasa wa msaada niliokuwa nimeshausoma, na sentensi moja kwamba programu imefanya kazi kama ilivyokusudiwa. Hakuna swali hata moja, hakuna pole. Nilipoandika tena kuuliza kwa nini onyo linakaa sekunde chache tu, tiketi ikafungwa kwamba imetatuliwa. Imetatuliwa na nani?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kwa nusu ya maneno yake yule mhudumu alikuwa sahihi. Kuhariri pamoja kwa wakati mmoja hufanya kazi kwa sababu kila badiliko unalofanya hutumwa kama agizo dogo: weka hiki hapa, futa kile pale. Seva inayapanga maagizo hayo na kurekebisha nafasi zake ili ya kwako yasiyakanyage ya mwenzako. Ukiwa nje ya mtandao na unahifadhi kwa programu ya kawaida ya kompyuta, hakuna maagizo madogo yanayotumwa. Kinachopanda baadaye ni faili nzima. Seva inatazama ilianzia toleo lipi, inakuta wakati huo wengine wameshasonga mbele matoleo kadhaa, na haijui ikatae lipi. Kwa hiyo inaweka yote mawili. Kufuta moja kimya kimya kungekuwa uovu mkubwa zaidi, hilo nakubali bila ubishi.

Lakini kuweka faili mbili halafu kuzipamba zote kwa kijani? Mbinu ya kupatanisha mabadiliko ya watu wengi ilielezwa na watafiti Ellis na Gibbs mwaka 1989. Hesabu ngumu ya kazi hii imeshafanywa na watu. Kilichobaki ni kuweka rangi nyekundu na sentensi moja inayosema "faili hii imegawanyika mara mbili", na hilo ndilo lililowashinda.

Wapo watakaosema mtu wa pili angeonywa kwamba faili imefunguliwa na mwenzake. Asingeonywa. Word na Excel zikifungua faili huandika kando yake kijifaili kilichofichwa, jina lake linaanza na ~$, na ndicho kinachomwambia mtu mwingine kwamba faili inatumika. Kwenye folda ya seva ya ndani ya ofisi kinafanya kazi vizuri. Programu za kusawazisha kupitia wingu kwa kawaida hukiruka kijifaili hicho makusudi, wala hakifiki kwenye kompyuta ya pili. Ulinzi wa zamani umeondolewa, na mpya unahitaji intaneti ambayo ndiyo haikuwepo.

Kuna sababu nyingine za mgawanyiko ambazo ukurasa wao wa msaada umezitupa chini kabisa. Faili ya mtindo wa zamani wa .xls haihaririki kwa pamoja, lazima iwe .xlsx. Faili iliyofungwa kwa nenosiri la kuifungua nayo haihaririki kwa pamoja, kwa sababu seva haiwezi kusoma kilichomo ndani. Na kama kuhifadhi kiotomatiki kumezimwa, hata mkiwa na intaneti nyote, kila mmoja anarudi kwenye kupakia faili nzima kwa mkupuo. Kabla ya kulaumu watu, kagua mambo hayo matatu. Mimi nilikagua ndipo nikalaumu.

Sasa nyota ya pili. Historia ya matoleo.

Hiki ndicho kitu kimoja kwenye programu hii kilichotengenezwa na mtu anayejua kazi za ofisi. Bofya kulia kwenye faili, chagua historia, unaona kila toleo, nani alihifadhi na saa ngapi. Saa hiyo inatoka kwenye seva, na hili ni la kuzingatia, kwa sababu ile tarehe ya kuhaririwa unayoiona ndani ya folda inaweza kuwa imetoka kwenye kompyuta ya mtu, na saa ya kompyuta ikiwa imepotoka, faili ya zamani inapanda juu ya orodha na kuonekana mpya. Ukitaka kujua ukweli, fungua historia.

Faili ikishagawanyika, usikimbilie kunakili na kubandika. Zibadili zote mbili ziwe za kuangalia tu, vinginevyo unaziba ndoo huku bomba linamwaga. Ipe nakala ya mgongano, yaani ile faili ya pili iliyobandikwa jina la kompyuta, jina fupi linaloeleweka. Kisha ingia kwenye historia ya faili asilia, tafuta toleo la mwisho kabla ya mgawanyiko na ulipakue pembeni. Unahitaji faili tatu mezani, wala si mbili: ile ya mwanzo, ya huyu na ya yule. Ukilinganisha mbili tu, unaona kisanduku kina 400 huku na 450 kule, na huna namna ya kujua nani amebadilisha. Ukiwa na ya mwanzo na inasema 400, basi 450 ndiyo mabadiliko, ichukue. Ikiwa ya mwanzo inasema 380, wote wawili wamegusa, na hapo hakuna programu itakayokusaidia, wapigie simu wenyewe.

Ukimaliza kuunganisha, fungua kila faili nyingine inayovuta tarakimu kutoka kwenye ile. Fomula inayosoma kutoka kitabu kingine cha Excel hubeba jina la faili ndani yake, kati ya mabano ya mraba. Mtu aliyeunganisha ripoti yake katika zile siku za mkanganyiko huenda ameielekeza kwenye nakala ya mgongano bila kujua. Ukiifuta nakala hiyo, ripoti inaendelea kuonyesha tarakimu za mwisho ilizozikumbuka, bila kelele yoyote, mpaka siku mtu atakapobonyeza kusasisha. Ndiyo maana nakala ya mgongano huiweka kwenye folda ya kumbukumbu kwa muda kabla ya kuifuta. Na ninapoifuta, naifutia kwenye wavuti, nikijua wazi kwamba naifuta kwa wote. Folda iliyosawazishwa ukiifuta kwenye kompyuta yako, nako umeifuta kwa kila mtu. Wapo wanaodhani wanapunguza mzigo kwenye diski yao. Kwa hilo kuna chaguo la kuacha faili mtandaoni tu. Kufuta ni kufuta.

Toleo lililounganishwa lipe jina. Programu nyingi, hii ikiwemo, hukuruhusu kulipa toleo jina au maelezo, na watu hawagusi kabisa. Wanabaki na faili zinazoitwa Mwisho, Mwisho wa kweli, Mwisho kabisa USIGUSE, wakati historia ingewabebea yote hayo ndani ya faili moja. Ila historia nayo ina ukomo, angalia wa kwako. Google Drive, kwa faili zilizopakiwa kama PDF au Word, hufuta matoleo ya zamani baada ya siku 30 au yakizidi 100, isipokuwa umechagua toleo litunzwe daima. Kwenye SharePoint, hifadhi ya nyaraka za ofisi ya Microsoft, kilichofutwa kinakaa kwenye pipa la taka siku 93. Kuujua ukomo huo ndiko tofauti ya mtu aliyerudi likizo akakuta kazi yake na mtu aliyekuta hewa.

Kwa hiyo nyota tatu? Nilifikia kuandika tatu. Halafu nikakumbuka kitufe.

Ndani ya programu hii hii kipo kitufe cha kuchukua faili. Ukikibonyeza, faili inafungwa kwa jina lako, wengine wanaisoma lakini hawawezi kuandika, mpaka uirudishe. Kwa mtu anayejua anakwenda mahali pasipo intaneti, hiyo ndiyo dawa kamili ya balaa lote nililoeleza. Wamekiweka wapi? Bofya nukta tatu, kisha "zaidi", kisha chini kabisa ya orodha, baada ya vitu kama kubadilisha rangi ya folda. Rangi ya folda! Nafasi ya mbele, mahali ambapo kitufe hicho kilistahili kukaa, pamewekwa kitufe cha kushiriki kinachotengeneza kiungo ambacho yeyote aliye nacho anaweza kuhariri, bila kuuliza. Kiungo cha aina hiyo ukikituma kwa mtu mmoja umekituma kwa kila atakayetumiwa na huyo mtu. Kabla ya kukinakili, badilisha kiwe cha watu uliowataja kwa majina, na uweke tarehe ya kuisha.

Kuchukua faili nako kuna kasoro zake, nisifiche. Ikiwa imechukuliwa, kuhariri pamoja kunasimama. Mtu akisahau kuirudisha, wengine wanaendelea kuona toleo la zamani wakidhani ndilo la sasa. Msimamizi anaweza kuvunja kufuli, lakini alichoandika aliyeichukua na hajakirudisha hupotea, kwa hiyo mpigie kwanza.

Maoni ya pembeni ni mazuri, ukimtaja mtu kwa alama ya @ anapata barua pepe na unaweza kumkabidhi kazi papo hapo. Utafutaji unasoma hadi maandishi yaliyo ndani ya picha za skana, mradi skana haikuwa na ukungu. Hayo sina ugomvi nayo.

Umiliki nina ugomvi nao, kidogo. Faili iliyoundwa kwenye folda binafsi ya mtu ni mali ya akaunti yake hata kama ofisi nzima inaitumia. Akaunti ikifutwa, faili inaondoka nayo, isipokuwa msimamizi amezihamisha kwa mtu mwingine kwanza. Anzisha nyaraka za kazi kwenye hifadhi ya timu tangu siku ya kwanza.

Na tiki? Nimejaribu kuielewa. Kwenye faili inamaanisha kilichopo hapa na kilichopo kwenye seva vinafanana. Haimaanishi kwamba hiyo ndiyo faili wenzako wanayoitumia. Kwenye folda ni mbaya zaidi: faili iliyorukwa kwa sababu njia yake imezidi herufi 260, ukomo wa kawaida wa Windows, au kwa sababu aliyeiunda kwenye Mac ametia alama ya kuuliza kwenye jina, haihesabiwi. Folda inabaki ya kijani. Orodha ya zilizorukwa ipo, ndani ya mipangilio, ukurasa wa tatu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hawa wameyaficha maradhi kwenye ukurasa wa tatu.

Basi mbili. Mbili na nusu kama wangeruhusu nusu, kwa ajili ya historia peke yake. Asubuhi hii bajeti ina tiki yake kama kawaida. Nimeifungua kwenye wavuti, nimeingia kwenye historia, nimelinganisha saa ya seva na saa niliyohifadhi mimi. Zinalingana. Mara hii.