TAHADHARI: Muuzaji wa CD za jazz Kamalondo ni mwizi, msimpe hata franka moja

Ndugu zangu wa Lubumbashi, siku tatu sasa nalala na hasira. Yule kijana wa CD aliyeingia kwenye grupu letu mwezi jana amenila dola 45.

Jumatano jioni alikuja mwenyewe hadi mlangoni. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, hatukuweza kujaribu chochote. Akafungua CD moja, akaniwekea mkononi, akanimulikia kwa simu: "Yaya, shika mwenyewe, hii haiko kopi." Kweli haikuwa kopi. Chini inang'aa kama kioo, kijitabu kinene, picha safi. Hiyo akairudisha kwenye mfuko, eti ina mwenyewe. Akanipa tatu nyingine, plastiki imebana vizuri, nami nikamhesabia dola hapo hapo kizingitini.

Msiniulize kwa nini nilimwamini. Mtu yule anajua mambo! Alinieleza kwamba Kind of Blue, albamu ya jazz ya mpiga tarumbeta Miles Davis, ya 1959, nyimbo tatu za kwanza zilirekodiwa mashine ikienda polepole kidogo, kwa hiyo kwenye santuri, zikipigwa kwa mwendo wa kawaida, sauti ilipanda kidogo, na watu wakaisikia hivyo zaidi ya miaka 30 mpaka CD za miaka ya 1990 zikarekebisha. Ni kweli, nami nilikuwa nalijua. Mwizi gani anajua hayo? Na hiyo ndiyo CD niliyokuwa naitafuta, moja ya zile tatu.

Saa nne usiku umeme ukarudi, nikaiweka. Kitu cha kwanza kusikia: krrr, krrr, sindano! Nikachukua gitaa, nikapiga noti ya re. Besi ya Paul Chambers, mpiga besi wa albamu hiyo, iko juu yake kidogo, haikai. Amenakili santuri ya zamani, kosa lake likiwa humo humo, akaniuzia kama ile iliyorekebishwa!

Apelekwe parke, kwa mwendesha mashtaka, arudishe pesa ya kila mtu, na makopi yake yavunjwe mbele ya soko watu wote wakiona. Anatuibia kwa kumbukumbu za wazazi wetu.

Angalieni chini ya CD: zake zina rangi ya kijani au zambarau, na kijitabu ni karatasi moja tu. Halafu ukishalipa, simu hapokei.

Kesho naenda polisi na hizo tatu. Aliyeuziwa naye abebe zake, tukutane soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, saa tatu asubuhi.