Joto la bati: hesabu ya kompyuta au kipimajoto?

Juu ya paa la bati Likoni, saa saba mchana, kompyuta na thamokapo, yaani kipimajoto cha waya, zilinipa majibu mawili tofauti. Nani mwongo?

Kompyuta hula unachoilisha. Niliiambia bati ni jipya, linang'aa, uwezo wake wa kutoa joto kwa mnururisho ni 0.25 hivi, kwa kipimo cha 0 hadi 1. Wapi! Chumvi ya bahari imeshalila, na kutu hufika 0.8. Upepo nao niliuweka mtulivu: uondoe joto la wati 5 kwa kila mita mraba, kwa kila nyuzi moja ambayo bati limezidi hewa. Kusi, upepo wa kusini, ikivuma, hiyo 5 huweza kufika 25, na haivumi sawasawa. Hupiga, hukata, hupiga tena.

Kipimajoto nacho si malaika. Thamokapo ya kawaida ya aina ya K huruhusiwa kukosea nyuzi 2.5. Nami niliibandika kwa utepe tu, mpaka mzee fundi aliyeshika ngazi akaniita: "Mwanangu, huo waya umebanduka!" Kumbe nilikuwa napima hewa.

Hata hivyo naanza na kipimo. Kosa lake mzee aliliona kwa macho. La kompyuta lilijificha nyuma ya picha za rangi inazochora za joto, nzuri ajabu.