CBP Home: programu ya kujiondoa Marekani na masharti yake

Miongoni mwa huduma ambazo serikali ya Marekani imeziweka kwenye simu, sijui nyingine iliyogeuziwa kazi kwa ghafla namna hii. CBP One, programu ya simu ya shirika la forodha na ulinzi wa mipaka la Marekani (CBP), ambayo tangu Januari 2023 waombaji hifadhi waliokuwa Mexico waliitumia kupata miadi ya kufika mpakani, iliondolewa kazi hiyo tarehe 20 Januari 2025, siku Donald Trump alipoapishwa, na Machi ikarudi kwa jina la CBP Home: mlango uleule, ila sasa unafunguka kwa nje tu.

Kuitumia si kazi ngumu. Anayekaa Marekani bila kibali na anayetaka kuondoka hujaza jina na uraia wake, akaeleza kama ana pasipoti ambayo haijaisha muda na fedha za kumtosha kuondoka. Mei 2025 Idara ya Usalama wa Ndani iliongeza msaada wa safari na dola 1,000, zilizokuwa zikilipwa baada ya kuthibitika kwamba mhusika amefika kwao. Baadaye ukaja msamaha wa faini za kukaidi amri ya kuondoka, ambazo zaweza kufika dola 998 kwa siku. Kwa hesabu ya idara yenyewe ya mwaka 2025, kumkamata mtu mmoja, kumweka kizuizini na kumrudisha kuligharimu wastani wa dola 17,121, kwa hiyo ukarimu huu una faida yake.

Kasoro kubwa imo katika ahadi ya kurudi. Serikali inasema anayeondoka kwa hiari huenda akabakiwa na nafasi ya kurudi kihalali, lakini sheria ya uhamiaji ya 1996 haijafutwa: aliyekaa bila kibali zaidi ya siku 180 akiondoka huzuiwa kurudi kwa miaka 3, na aliyefikisha mwaka mmoja huzuiwa kwa miaka 10. Mwenye kesi katika mahakama ya uhamiaji, akisafiri kabla kesi haijafungwa rasmi, anaweza kutolewa amri ya kufukuzwa kwa kutofika mbele ya hakimu.

Kwa aliyekwisha kupewa amri ya mwisho ya kuondoka na hana rufaa, huduma hii yaweza kumfaa. Mwenye mke au mume raia wa Marekani aonane kwanza na wakili wa uhamiaji, kwa kuwa ombi la kusamehewa zuio hilo la miaka, kwa wanaostahili, laweza kuwasilishwa akiwa bado hajaondoka.