Ryzen 7 5700X katika studio ya video, Ngamiani

Prosesa ya AMD Ryzen 7 5700X, iliyoingia sokoni mwaka 2022, ndiyo inayoendesha kompyuta ya mezani tunayohariria video za harusi hapa Ngamiani, Tanga, na inastahili kila shilingi tuliyoitoa. Ina viini 8, yaani sehemu zinazofanya hesabu, vinavyobeba nyuzi 16 za kazi (mikondo ya kazi) kwa pamoja, na imetengenezwa na TSMC ya Taiwan kwa teknolojia ya nanomita 7, kipimo kinachotumika kutaja udogo wa sehemu za chipu. Tuliifunga kwenye madabodi (bodi kuu) yetu ileile ya soketi AM4, yaani tundu la kuchomekea prosesa, baada ya kusasisha BIOS, programu ya msingi inayowasha kompyuta, na kufuta pasta ya joto (ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa) iliyokauka juu ya prosesa ya zamani. Hatukununua bodi wala RAM mpya.

Unafuu huu ni tunda la ushindani. Mwanzoni mwa 2017, Core i7-7700K ya Intel ilikuwa na viini 4 tu. AMD ilipoleta Ryzen 7 yenye viini 8, Intel ilijibu mwaka huohuo kwa Core i7-8700K yenye viini 6.

Namba ya nanomita peke yake isimshawishi mnunuzi, kwani mchakato ambao Intel inauita Intel 7 ni ule wa nanomita 10 ulioboreshwa. Mimi huangalia joto kwanza: wati 65 zilizotajwa na AMD ni nafuu kubwa katika Februari ya Tanga.

Ila boksi lake halina feni, na prosesa haina kitengo cha ndani cha kutoa picha, hivyo bila kadi ya picha skrini haitawaka.